Kiraka cha Kulwa na Doto

Wanangu mnaosoma kompyuta pale Njombe mjini, mwalimu wenu alikuja nyumbani akanikuta napalilia viazi, akaniomba niwaandikie juu ya kazi niliyoifanya kabla hamjazaliwa. Alitaka niandike ya kutia moyo. Nilimwambia nitaandika yaliyotokea, moyo mtajitafutia wenyewe. Basi vumilieni, maana uzee una maneno mengi, na mimi tangu ujana sikupungukiwa nayo.

Nawaona mnavyolalamika mtandao ukisuasua kwa muda wa kumeza mate. Marekebisho ya programu mnayatuma mkiwa mmelala kitandani. Sina wivu, Mungu ni shahidi, ila mnanichekesha. Enzi zetu kiraka cha programu kilipanda basi.

Nieleze. Nilikuwa mpiga chapa wa chama cha ushirika mpaka biashara huria ilipoingia na ushirika wetu ukafa kibudu. Mradi mmoja wa afya, ambao jina lake halitawasaidia kitu, ukanichukua niendeshe kompyuta katika bohari yao ya dawa hapa Njombe. Kazi ya kompyuta ile ilikuwa kumjua kila mtoto anayetumia dawa za muda mrefu, za kifua kikuu hasa, na kila mwezi kutoa lebo moja kwa kila mtoto. Lebo inabandikwa kwenye boksi, boksi linakwenda zahanati ya karibu na kwao. Bila lebo hakuna boksi. Mkisahau mengine yote, hilo msilisahau.

Programu yenyewe ilitungwa Ulaya na watu waliojitolea, na mtunzaji wake mkuu alikuwa mama mmoja aitwaye Ingrid, ambaye sikuwahi kumwona hata kwenye picha. Maagizo ya programu hayakufichwa. Kila mwenye bohari aliruhusiwa kuyasoma, na akiona kosa alituma kiraka kwa Ingrid. Hapo ndipo nilipojifunzia kazi. Mchana ofisi ikitulia nilikuwa nikifungua maagizo yale na kuyasoma mstari kwa mstari kama mtu anayesoma Agano la Kale, nusu naelewa, nusu namwachia Mungu. Baada ya miaka miwili ile nusu ya Mungu ilikuwa imepungua.

Lakini kusoma ni kusoma tu. Fundi aliyetuletea mashine kutoka Dar es Salaam alikuwa ameifunga kila penye mlango. Tuliweza kuendesha programu na kuitazama ndani, ila hatukuweza kubadilisha hata herufi moja, wala kuijenga upya. Tundu la disketi lilikubali disketi za mradi peke yake. Waliogopa virusi, na sikuwalaumu, maana mashine nyingi za mjini zilikuwa zimeshaliwa. Na simu ya Njombe wakati huo ililia kama mtu anakaanga vitumbua. Sauti ya binadamu ilipenya, ya modemu haikupenya.

Kwa hiyo nilipotaka kumpelekea Ingrid kiraka, nilikinakili kwa kalamu kwenye karatasi, nikapanda basi hadi Makambako, nikaenda kwa Mzee Salehe.

Mzee Salehe alikuwa Mnyamwezi wa Tabora, Mwislamu, mtu mrefu mwenye miwani iliyofungwa uzi. Alifanya kazi ya simu za maandishi posta tangu ujana wake hadi zilipokosa wateja, akastaafu, na ruksa ya biashara ilipotoka akafungua duka la simu na faksi karibu na njia panda, malori ya Songea na ya Tunduma yanapogawana barabara. Ndani alikuwa na kompyuta moja yenye laini nzuri. Ilifanya jambo moja tu, kutuma na kupokea imeli. Ukutani alibandika karatasi: DISKETI YAKO BAKI NAYO. Hata ningekuwa na disketi, isingeingia popote.

Basi nilikaa pale na kuandika upya kila kitu kwa mkono. Na programu yake ya imeli ilikuwa ya kale: ukimaliza mstari na kubonyeza, umekwenda, huurudii tena. Kosa la juu hulifikii ukiwa chini. Hapo mzee alinionea huruma, akavuta kiti, akachukua karatasi yangu.

"Binti yangu, simu ya maandishi haiandikwi na mtu mmoja," alisema. "Mimi nasoma, wewe unapiga. Kisha wewe unasoma cha kwenye kioo, mimi naangalia karatasi. Ndipo unabonyeza."

Akawa ananisomea. "Mabano fungua. Jina. Mkato. Tarehe. Mabano funga. Nukta mkato." Hakujua hata neno moja la programu na hakutaka kujua, lakini nukta haikumponyoka. Mteja akiingia kutaka simu alinyoosha kidole juu, na mteja alisubiri hadi mstari uishe. Alinifundisha pia kuandika mwishoni mwa barua idadi ya mistari niliyotuma, ili anayepokea ahesabu kabla hajaanza kazi. "Anayepokea hana macho yako," aliniambia. "Ana kile ulichoandika, basi."

Kiraka hakibebi programu nzima, mnajua. Kinabeba mistari inayobadilika: mbele ya unaotoka unaweka alama ya kutoa, mbele ya unaoingia unaweka ya kujumlisha, na juu na chini unaacha mistari michache isiyoguswa ili mpokeaji ajue pa kushona. Mzee Salehe alichukia neno la ziada kwa sababu ya kazi yake ya zamani, akaniuliza kwa nini natuma mistari ambayo haibadiliki. Nikamweleza.

"Aa. Kama kumwelekeza mgeni," akasema. "Ukipita msikiti, kabla hujafika gereji."

"Hivyo hivyo, mzee."

"Basi iache."

Tulikosea pia. Siku moja nilipendezesha kiraka kwa kuweka nukta moja peke yake kwenye mstari, kama pambo, kutenganisha sehemu mbili. Sikujua kwamba kwa programu ile nukta peke yake mwanzoni mwa mstari ni amri ya kufunga barua. Ikafunga. Sisi tukaendelea kusoma na kupiga, mashine ikitukoromea makosa ambayo hatukuyaelewa, mzee akiituhumu laini. Safari iliyofuata nikakuta jibu la Ingrid: kimefika nusu, na hiyo nusu ni nzuri sana. Mzee Salehe alicheka hadi akavua miwani.

Mtaniuliza nilijaribuje viraka vyangu kama mashine ilifungwa. Sikuvijaribu. Nilitumia maharage. Nilimwaga maharage ya njano mezani, kila punje mtoto mmoja, nikachukua maagizo yangu mapya na kuyafuata mwenyewe kama mtumwa, bila kutumia akili: huyu apite huku, huyu akataliwe, huyu apate lebo. Akili ndiyo inayodanganya, kwa sababu inajua ulichokusudia, na mashine haijui. Bosi wangu, Bwana Mligo, Mbena mwenye heshima zake, alikuwa akifungua mlango, ananikuta nahamisha maharage, anasema "Kamwene," salamu ya kwao, na kufunga mlango taratibu. Nadhani alifikiri napiga ramli. Hata leo, na vioo vyenu vyote, nawashauri mwe na maharage.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nikubali kuandika.

Nilikuwa dukani kwa Mzee Salehe, nimekuja na kiraka kidogo cha kurekebisha upana wa lebo. Aliingia mama mmoja aliyejifunga ushungi, anataka kumpigia mumewe, dereva wa lori aliyekuwa Tunduma. Mzee alimfahamu, maana nao walikuwa watu wa Tabora waliohamia Makambako.

"Mama Kulwa, kabla hujapiga," alimwambia, "huyu dada ni wa zile dawa zenu. Anatoka Njombe."

Yule mama alinigeukia. Alinitazama kuanzia viatu.

"Ndiyo nyie? Basi niambie, dada. Mbona mnaniletea dawa za mtoto mmoja na mimi wangu wawili, na wote wanakohoa?"

"Zahanati wanasemaje?"

"Nesi kasema kompyuta imeandika mmoja. Nikamwambia hiyo kompyuta ije kwangu iwahesabu. Kasema yeye anatoa kilicholetwa."

"Kwa hiyo mmoja hapati?"

Alinishangaa kana kwamba nimesema tusi. "Hapati vipi? Mapacha hao! Nagawa. Kidonge nakikata kwa wembe, nusu Kulwa, nusu Doto. Hata unga unaobaki kwenye wembe nawalambisha wote wawili."

Mzee Salehe aliweka chini mkono wa simu. Mimi Mkinga wa Matamba, kwetu pacha tunao, lakini jambo hilo lisingenijia akilini. Yeye alilielewa papo hapo. Alinieleza baadaye kwamba kwao pacha hapewi mmoja. Ukimnunulia mmoja gauni umemnunulia na mwenzake. Ukimpiga mmoja kwa kosa, mwingine naye umtazame kwa ukali. Mama anayempa mmoja na kumnyima mwingine anawaumiza wote. Mama Kulwa alikuwa amefanya vile ambavyo mama mwema wa kwao hufanya, kwa uangalifu, mwezi hadi mwezi.

Nilirudi Njombe sioni barabara. Daktari wa mradi nilipomweleza alisema nusu ya dawa ile haiponyi nusu ya ugonjwa. Inaufundisha ugonjwa kuizoea dawa.

Nikaketi kwenye mashine. Kulwa alikuwamo. Nilipojaribu kumwingiza Doto ikanijibu: mtoto huyu yupo tayari. Nikafungua maagizo na kuyasoma hadi nikaona. Wale watunzi walikuwa wameambiwa, na ni kweli, kwamba mtoto wa huku ana jina la nyumbani, jina la ubatizo na jina la shule, na kila mahali anaandikishwa kwa jingine. Kwa hiyo walipotaka kuzuia mtoto kuandikwa mara mbili, jina lake la kwanza hawakulitazama kabisa. Walitazama baba, mama, kijiji, jinsia na tarehe ya kuzaliwa. Vikifanana vyote, ni mtoto yule yule. Kulwa na Doto, wasichana wawili wa siku moja, kwa mashine walikuwa mtu mmoja.

"Andika Doto kazaliwa kesho yake," alisema Bwana Mligo.

Nilijaribu. Ikakataa tena. Kulikuwa na ukaguzi mwingine: watoto wa mama mmoja lazima wapishane miezi ya kutosha mimba nyingine. Mashine ilikuwa imesoma biolojia ikaishia katikati ya kitabu. Ili imkubali Doto ilibidi nimfanye mdogo kwa karibu mwaka, na dawa zilipimwa kwa umri, kwa hiyo ningempunguzia tena.

Bwana Mligo hakuwa mtu mbaya. Aliandika boksi moja la Doto kwa mkono, akatia sahihi, nikalipeleka mwenyewe. Lakini aliniambia wazi kwamba hawezi kufanya hivyo kila mwezi. Wakati ule dawa za mradi zilikuwa zinaonekana kwenye maduka mapya ya dawa kila mji, na kila boksi lililotoka bila lebo lilikuwa swali juu ya kichwa chake. "Nitengenezee lebo," alisema. "Ukinipa lebo hata leo, natoa hata leo."

Kule Makambako Mzee Salehe alinisaidia kuzungumza na Mama Kulwa. Hakumwambia habari ya ugonjwa kuizoea dawa. Alimwambia, "Daktari ameagiza, sasa ni kizima kizima. Kila mmoja na chake." Mama akafurahi, kwa kuwa maboksi yalikuwa mawili na hakukuwa na haja ya wembe. Doto alikuwa amekaa kwenye mkeka, hachezi. Kulwa alikuwa anamvuta mkono.

Kiraka cha kwanza nilikiandika kwa hasira, na kiraka cha hasira ni kifupi. Kiliondoa ule ukaguzi, basi. Tukakisoma, tukakipiga, kikaenda.

Jibu la Ingrid lilikuwa la upole na lilikataa. Alisema amesikitika kuhusu watoto, lakini mahali pengi mtu huandikisha mtoto mmoja mara mbili na boksi la pili huishia dukani. Akiuondoa ukaguzi ule atakuwa amewafungulia wezi wa bohari zote zinazotumia programu, na boksi likiibwa kuna mtoto mwingine anayekosa. Aliniomba nifikirie njia nyingine, naye angeendelea kufikiri.

Nilimwita Ingrid majina ya Kikinga ambayo sitayaandika hapa. Mzee Salehe aliniacha nimalize. Halafu akasema, "Mwenzio hajakataa pacha. Amekataa mlango wazi. Mwekee bawabu."

"Bawabu gani, mzee? Kila kitu chao kinafanana."

"Wewe ukiwaona, utajua Kulwa ni yupi?"

"Sijui. Wanafanana."

"Mama yao anajua. Nesi aliyewazalisha anajua. Mtaa mzima unajua. Aliyetangulia ni Kulwa, aliyefuata ni Doto, na hawabadilishani hata wakiwa bibi vizee. Hilo umeiuliza mashine?"

Sikuwa nimeiuliza. Hakuna aliyeiuliza. Nilirudi na kumwaga maharage. Kiraka cha pili kilikuwa kirefu. Mashine ikiona watoto wawili wanafanana, isikatae moja kwa moja. Iulize walizaliwa wangapi pamoja, na huyu ni wa ngapi kutoka; iulize hivyo hivyo kila jina la zamani likifunguliwa kusahihishwa. Ikubali wa pili endapo tu nesi wa zahanati amethibitisha kwa namba yake kwamba amewaona wote wawili kwa macho. Wa kwanza wasiwe wawili, wala wa pili wasiwe wawili. Mwizi wa kujitungia pacha sasa alihitaji nesi wa kusema uongo pamoja naye, na namba ya nesi huyo ingebaki pale. Nikaongeza mstari mmoja kwenye lebo unaotaja nafasi ya mtoto, ili nesi asichanganye maboksi. Nilihamisha maharage hadi vidole vikawa na vumbi, nikitafuta mahali Doto anapokwama. Hakukwama.

Siku ya kukituma laini ilikatika tukiwa katikati, na tulipoirudisha ikakatika tena. Kila mara tulianza mwanzo, kwa sababu mzee hakukubali kuunganisha vipande. Sauti ilimkauka. Kulikuwa na wateja benchi zima na hakuna aliyenung'unika, kwa maana alikuwa amewaambia hii ni habari ya mtoto wa fulani, na Makambako kwa upana wake wote watu wa njia panda wanajuana. Nilisoma mstari wa mwisho, akaangalia karatasi, akasema, "Bonyeza." Nikabonyeza.

Nilipokuja tena kuchukua jibu, niliona mlango wa duka umefunguliwa nusu. Mzee Salehe alikuwa amekaa nje kwenye benchi la wateja, amevaa kanzu. Mashine haikuwashwa.

"Leo hatuandiki," alisema.

Doto alikuwa amezidiwa usiku wa kuamkia juzi, wakampeleka hospitali, akafia huko. Walikuwa wameshamzika. Mzee alikuwa kati ya waliobeba jeneza, ingawa alisema halikuwa la kubebwa na watu wengi. Nilikaa kando yake. Baada ya muda aliingia ndani, akawasha mashine, akanitolea jibu la Ingrid bila kulisoma, akanipa. Ingrid alikuwa amehesabu mistari, yote imefika. Amekijenga, amekijaribu, kinafanya kazi, amekiingiza. Alinishukuru kwa niaba ya bohari zote. Toleo jipya litakuja kwa disketi pamoja na shehena ijayo ya dawa.

Wanangu, niliipokea sifa hiyo nikiwa nimeshika kichwa. Msije mkadhani kazi ikifanywa vizuri inafika kwa wakati. Tuliifanya vizuri na ikachelewa.

Tulikwenda kutoa pole. Nyumba ilijaa wanawake. Mama Kulwa aliponiona aliinuka, akanishika mkono, akanivuta nyuma ya nyumba karibu na karo. Kumbe hospitali mtu fulani alimwuliza alikuwa anawapaje dawa, na alipojibu, yule mtu alitikisa kichwa.

"Dada," alisema, "niambie wewe. Ni kukata kwangu?"

Nilitamani kusema hapana na kuishia hapo. Lakini macho yake yalikuwa yanangoja kweli, na angejua.

"Uliletewa cha mmoja kwa ajili ya wawili," nikamwambia. "Aliyekikata si wewe, mama. Kilikatwa kule kwetu Njombe, kabla hakijakufikia."

Aliendelea kunishika mkono. Nilikuwa najua anaweza kunichukia kwa neno hilo, na nilikuwa nimekubali. Mwishowe akasema, "Kulwa hali chakula. Anatandika mkeka wa wawili." Kisha akarudi ndani kwa wenzake.

Nililia njia nzima hadi Njombe. Mwanamke aliyekaa pembeni yangu, mkulima wa Lupembe aliyepakata kuku, alinisogelea. Alinipa kona ya kanga yake nijifute.

Disketi zilikuja. Mashine ilizikubali, zilikuwa za mradi. Toleo jipya lilipowaka nililitazama kama mtu anayetazama mtoto wa kumzaa ambaye hajamwona, kwa sababu vile viraka vyangu sikuwahi kuviona vikiishi. Nikafungua jina la Kulwa ili kumsahihisha. Mashine ikauliza, kwa maneno yangu mwenyewe: walizaliwa wangapi pamoja? Nikaandika wawili. Ikauliza: huyu ni wa ngapi? Nikaandika wa kwanza. Printa ikalia, ikatoa lebo. Bwana Mligo alikuwa amesimama nyuma yangu na miwani mkononi.

Baadaye kiraka kile kilifanya kazi kila mahali. Miezi iliyofuata lebo za wa pili zilianza kutoka, za watoto ambao hatukujua kama wapo, wa Ludewa, wa Makete, wa huko kwingine nisikokujua. Ingrid aliandika jina langu kwenye orodha ya waliochangia. Nilimwomba aandike na la Salehe, mzee akagoma, akasema posta haikuwahi kuandika jina lake kwenye simu ya mtu.

Boksi la kwanza lenye lebo mpya nililipeleka mwenyewe. Nesi alitaka tumwite Mama Kulwa zahanati, nikasema hapana, tutamfuata. Tulimkuta anachambua mchele, Kulwa amelala mapajani mwake. Alilipokea boksi akaligeuza. Hakujua kusoma.

"Imeandikwaje?" aliuliza.

Nikamsomea jina la mtoto, la baba, la kijiji. Nikasita, kisha nikamalizia. "Mzaliwa wa kwanza kati ya wawili."

"Rudia."

"Mzaliwa wa kwanza kati ya wawili."

Alipitisha kidole juu ya maandishi, polepole, kama vile yana joto. "Kumbe sasa inajua walikuwa wawili," alisema.

"Inajua, mama."

Akamwamsha Kulwa, akaomba maji kwa jirani, akafungua boksi na kutoa kidonge kimoja. Alikishika muda mrefu kati ya vidole viwili. Kisha akamwekea mwanawe mdomoni, kizima.